Muwa Haumngoji Mtu

Sukari ni bidhaa ambayo mwananchi huikumbuka pale inapoadimika dukani. Mwanzoni mwa mwaka 2024 bei ya kilo moja, iliyozoeleka kuwa karibu shilingi 3,000, ilipanda na kupita 4,000 katika sehemu nyingi za nchi, na lawama zote zikawaangukia walanguzi. Walanguzi, kwa hakika, hawakosekani popote penye uhaba. Lakini uhaba wenyewe ulianzia matopeni. Mvua za El Nino ziliyaloweka mashamba, magari yakashindwa kuifikia miwa, na viwanda vikakosa cha kusaga katikati ya msimu.

Ili tuelewe jambo hili, yatupasa kufahamu tabia ya muwa. Pamba yaweza kufungwa marobota ikasafiri kutoka Usukumani hadi Ubungo, na ndiyo sababu kiwanda cha nguo cha Urafiki kiliweza kujengwa Dar es Salaam. Muwa hauna subira hiyo. Ukishakatwa, utamu wake huanza kupotea, na sharti ufikishwe kiwandani kabla ya siku mbili kupita. Nao uliochomwa moto ili kurahisisha ukataji huharibika upesi zaidi. Tena, tani kumi za miwa hutoa takriban tani moja tu ya sukari. Nani atabeba mzigo huo kwenda mbali? Kwa hiyo kiwanda hakina budi kuufuata muwa porini: Arusha Chini, Kilombero, Mtibwa, Kagera.

Na kikifika huko, huzaa mji. Makapi ya miwa huchomwa katika matanuri, mvuke huendesha mitambo na kuzalisha umeme, na penye mvuke na umeme hapana budi pawepo mafundi wa kuchomelea, wa kukereza vyuma, wa mabomba. Hufuata zahanati, shule, soko, hata uwanja wa mpira. Timu ya Mtibwa Sugar ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999 na 2000, ikaziacha Simba na Yanga zikitazamana. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwaka 1978 na kukipora kiwanda cha huko, hasara haikuwa ya vyuma peke yake. Kilijengwa upya, kikadorora, na uzalishaji wake haukusimama imara hadi karne hii, kikiwa tayari mikononi mwa watu binafsi.

Ubinafsishaji huo, ulioanza na Kilombero na Mtibwa mwaka 1998, hatukuupokea kwa shangwe sisi tuliolelewa na Azimio la Arusha. Hata hivyo haki isemwe: uzalishaji ulipanda. Ingawa sukari nyeupe ya viwanda vya soda na biskuti kwa miaka mingi imeagizwa kutoka nje, ile ya chai ya mwananchi kwa sehemu kubwa imetoka hapa hapa.

Linalobaki bila kunyooka ni hali ya mkulima mdogo. Huyu hulima ekari zake chache kandokando ya shamba kubwa, akangoja zamu yake ya kuvuna. Akifika kiwandani hulipwa kwa uzito wa miwa na kiasi cha utamu uliomo, na utamu huo hupimwa katika maabara ya mnunuzi mwenyewe. Hata mwenye duka la mtaani huweka mizani mbele ya mteja! Na mtambo ukiharibika baada ya shamba kuchomwa, miwa ikalala siku nne, hasara ni ya nani? Mtambo si wake, ratiba hakuipanga yeye, lakini utamu unaopotea hukatwa katika malipo yake. Yafaa chama cha wakulima kiwe na mpimaji wake aliyesomea kazi hiyo, asimame ndani ya maabara kila zamu, na mikataba itamke wazi kwamba miwa iliyocheleweshwa na kiwanda italipwa kama iliyofika kwa wakati.

Msimu hufungwa masika yanapokaribia, mafundi wakaifungua mitambo na kuikarabati hadi kiangazi. Barabara za mashambani nazo zitengenezwe kabla ya msimu mpya kufunguliwa, zichongwe mitaro na kuwekwa makalvati. Maana katika mwaka wa mvua nyingi ndizo zitakazoamua kama tutakunywa chai kavu.