Mtoto wa Mbwa Ni Bure, Sindano Si Bure: Panga Bajeti ya Mwaka wa Kwanza

Kuanzia Kitale mpaka Bungoma, mbwa wengi hawanunuliwi. Mbwa wa jirani amezaa sita, unaambiwa uje uchague mmoja. Unambeba kwenye katoni, watoto nyumbani wanashangilia, na kabla ya jioni ameshapewa jina. Mpaka hapo hujatoa hata bob moja.

Gharama huanza hapo, na haiji kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Sehemu kubwa inakuja mara moja, ndani ya wiki nane za kwanza. Wengi wetu hukwama hapo.

Kwa nini sindano tatu?

Mtoto wa mbwa huanza chanjo ya mchanganyiko akiwa na wiki 6 hadi 8. Hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16 hivi. Chanjo hiyo humkinga na magonjwa kama parvo, ule ugonjwa wa kuhara damu na kutapika unaoweza kumaliza mtoto wa mbwa kwa siku chache tu.

Kuna watu husema, "Huyo daktari anataka tu pesa, sindano moja inatosha." Haitoshi. Maziwa ya kwanza ya mama humpa mtoto kinga ya muda, na kinga hiyo inaweza kuzuia chanjo isifanye kazi. Hakuna anayejua kwa kumtazama imeisha lini. Ndiyo maana chanjo inarudiwa. Ukiacha ya mwisho, huenda umelipia mbili na mbwa bado hana kinga. Na kama mbwa mwingine alikufa kwa parvo hapo kwako, kuwa makini zaidi: virusi hivyo hukaa kwenye udongo miezi mingi.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi 3, hurudiwa baada ya mwaka, kisha huendelea kama daktari atakavyopanga. Hii usiipige chenga. Shirika la Afya Duniani linasema mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya visa vya kichaa cha mbwa kwa binadamu, na asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nacho ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Kenya ina mpango wa 2014 hadi 2030 wa kumaliza vifo hivi, na nguzo yake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Mbwa wako ni mmoja wa hao.

Tupige hesabu

Bei hutofautiana, kwa hivyo piga simu kwa daktari wa mifugo wa kwenu kwanza. Hizi hapa ni namba za mfano tu, uone jinsi ya kupanga, kuanzia miezi 2 mpaka mbwa afikishe mwaka:

- Chanjo ya mchanganyiko, mara 3 kwa 1,500: sh 4,500
- Kichaa cha mbwa, mara 1: sh 500
- Dawa ya minyoo, mara 8 kwa 100: sh 800
- Dawa ya kupe na viroboto, miezi 10 kwa 200: sh 2,000
- Boda boda kwenda na kurudi, mara 3 kwa 300: sh 900
- Kuhasi au kufunga kizazi: sh 4,000
- Akiba ya dharura: sh 2,400

Jumla ni sh 15,100. Chakula hakimo, kwa sababu wengi hugawa ugali wa nyumbani na kuongeza omena.

Ukigawanya jumla hiyo kwa miezi, utaona ni rahisi. Lakini angalia wiki 8 za kwanza: chanjo zote, boda zote, dawa ya minyoo mara 4 na ya kupe mara 2. Hiyo ni sh 6,700. Zinazobaki, sh 8,400, zina miezi 8. Hapo ni sh 1,050 kwa mwezi, kama bob 35 kwa siku.

Kwa hivyo kanuni yetu ni hii: weka ile 6,700 kabla ya kumleta mbwa nyumbani. Jirani akikuambia mbwa wake ana mimba, anza siku hiyo. Mimba ya mbwa ni kama wiki 9, na mtoto hukaa na mama wiki 8. Una miezi mitatu na zaidi ya kujipanga.

Angalia kalenda yako

Mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia huwa na pesa baada ya mavuno. Ukichukua mbwa Desemba, sindano ya pili inakuja Januari pamoja na karo, na mbolea inakungoja Machi. Funga pesa ya mbwa kwenye akiba usiyoweza kuitoa kabla ya tarehe, mara tu mahindi yakiuzwa. Kama wewe ni mfanyabiashara wa soko la Chwele au ni mtu wa boda Bungoma mjini, pesa yako ni ya kila siku: weka kidogo kila jioni kabla haijapotea.

Na usichukue mkopo wa simu kwa sindano ambayo tarehe yake ulishaijua. Mkopo uachie dharura.

Unapolipa

- Hakikisha daktari amesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Chanjo lazima ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Uliza kuhusu friji, hasa stima zikipotea.
- Lipa kwa till ya kliniki. Soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Pia unaepuka ada ya kutoa pesa kwa wakala.
- Hifadhi ujumbe wa malipo, lakini usikubali uwe ndio ushahidi pekee. Dai kadi ya chanjo yenye tarehe na stika ya chupa.
- Ukinunua mbwa mtandaoni, usitume deposit kabla ya kumwona.

Sikiliza pia matangazo ya chifu, hasa karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Wakati mwingine chanjo hii hutolewa bure.

Na mtu akiumwa, usingoje: osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa alichanjwa.

Leo, piga simu mbili: moja kwa daktari uulize bei, nyingine kwa jirani uulize watoto wana wiki ngapi. Ukishajua hizo namba mbili, fungua akiba yako.