Moyo Uendao Mbio Si Wasiwasi Daima

Binti yuko jikoni anakuna nazi. Hakukimbia wala hakushtuliwa na lolote. Mara moyo humwenda mbio kana kwamba wataka kumtoka kifuani, kisha baada ya muda hutulia ghafla kama ulivyoanza. Jamaa husema ni wasiwasi. Wengine husema ni majini. Huenda ikawa ni umeme wa moyo wenyewe.

Ndugu msomaji, kila pigo la moyo huanzishwa na umeme mdogo utokao vyumba vya juu. Umeme huo hupita kwenye kituo kimoja cha katikati, hucheleweshwa kidogo, kisha hushuka vyumba vya chini. Wapo waliozaliwa na njia ya pili: uzi mwembamba wa msuli unaokwepa kituo hicho. Umeme ukishuka kwa njia moja na kupanda kwa nyingine, huzunguka pasi na kukoma. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Huu huweza kupita 200.

Mwaka 1930, matabibu Louis Wolff na Paul Dudley White wa Boston, pamoja na John Parkinson wa London, walieleza habari za wagonjwa 11 wa namna hii, na ugonjwa ukaitwa kwa majina yao. Wengi walikuwa vijana wenye afya. Ndiyo maana ujana si hoja ya kupuuza.

Kupima presha na damu pekee hakutaufichua. Takeni kipimo cha umeme wa moyo: hakina uchungu, huchukua dakika chache, na mara nyingi alama ya njia hiyo huonekana hata moyo ukiwa umetulia. Kikitoka safi na hali ikarejea, mwulizeni daktari juu ya kipimo cha siku nzima.

Tiba ipo. Kuna dawa, na kuna mrija mwembamba upitishwao kwenye mshipa wa paja hadi moyoni ili kuichoma njia hiyo; hufaulu kwa zaidi ya wagonjwa 9 katika 10. Msiazimane dawa za moyo, kwani baadhi yake ni hatari kwa mgonjwa huyu. Mama anayetarajia kushika mimba amweleze daktari mapema. Akizimia, akibanwa pumzi au kuumwa kifua, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Kisomo na dua haviachwi. Navyo havimzuii mgonjwa kwenda kwa tabibu.