Fahamu: Kwa nini maputo ya intaneti hayakudumu Kenya

Julai 2020, kampuni ya Loon, iliyokuwa chini ya Alphabet inayomiliki Google, ilianza kusambaza intaneti ya 4G Kenya kwa kushirikiana na Telkom. Maputo yapatayo 35 yalielea takriban kilomita 20 juu, yakipanda na kushuka kutafuta upepo wa kuyapeleka yanakotakiwa, yakilenga karibu kilomita za mraba 50,000, zikiwemo sehemu za Baringo, Narok na Kakamega. Januari 2021, Alphabet ilitangaza kuufunga mradi kwa sababu gharama hazikushuka vya kutosha. Teknolojia ilifanya kazi. Kilichogoma ni hesabu: asiyefikiwa na mnara wa simu mara nyingi ndiye asiyemudu simu ya 4G wala bando, na puto halipunguzi bei ya simu.

Wapo wanaosema bila kampuni kama Loon vijiji vya mbali vingesubiri miaka mingi zaidi. Ni kweli, na si haki kuzifungia mlango. Lakini mfugaji aliyeanza kuulizia bei ya mbuzi mtandaoni anakatiwa huduma kwa uamuzi uliofanywa California, wala kaunti yake haikuulizwa. Hapo serikali isione haya. Leseni itaje muda ambao huduma haitazimwa, na Mfuko wa Huduma kwa Wote, ambao kampuni za simu tayari huuchangia, usaidie pia kushusha bei ya simu za 4G. Masharti hayo yaihusu hata Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti iliyoingia Kenya mwaka 2023.