Kano ya ng'ombe kwenye kidonda cha moto

Supu ya makongoro ikipoa huganda. Kinachoigandisha ni jelatini, yaani kolajeni ya kano na ngozi iliyolegezwa na moto. Kolajeni ni karibu theluthi ya protini yote ya mwili wa binadamu, na ndiyo iliyowakutanisha watu wawili mjini Boston, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960: John Burke, daktari wa upasuaji aliyetibu majeruhi wa moto, na Ioannis Yannas, Mgiriki aliyefundisha sayansi ya polima katika chuo cha MIT.

Burke alikuwa akipoteza wagonjwa. Aliyeungua juu juu hupona, lakini moto ukiteketeza demisi, lile tabaka nene la chini, mwili hauwezi kuliotesha upya. Kingo za kidonda huvutana na pengo hujazwa na kovu. Kovu likipita kwenye kiwiko, mkono haunyooki. Likipita shingoni, kidevu huvutwa kifuani. Kuhamisha ngozi ya mgonjwa mwenyewe ni tiba nzuri, ila aliyeungua sehemu kubwa ya mwili atatolewa wapi ngozi ya kutosha?

Wakatengeneza kiunzi. Walichukua kolajeni ya kano za ng'ombe, wakaichanganya na sukari ndefu itokanayo na gegedu la papa, wakaigandisha kwa baridi kali, kisha wakaikausha katika ombwe. Barafu ilipotoweka iliacha sponji yenye vitundu vingi. Juu yake wakaweka utando wa silikoni ili kuzuia maji ya mwili yasipotee na vijidudu visiingie.

Walichotaka ni kidonda kifunge haraka. Majaribio kwa wanyama yakaonyesha kinyume: sponji ilichelewesha kingo kuvutana. Wangeweza kuitupa. Lakini chini yake hapakuota kovu, iliota demisi. Kwangu, huo ndio moyo wa habari yote hii. Chembe hai za mwili ziliingia vitunduni, zikakuta protini zinayoijua, zikashika na kujenga ngozi huku kiunzi kikimeng'enywa. Hapo kipimo ndicho kila kitu: vitundu vya takriban mikromita 20 hadi 120, na uhai wa wiki chache. Kikiyeyuka mapema, kovu hushinda. Kikikawia mno, huzuia kinachoota. Baada ya wiki tatu hivi silikoni hubanduliwa na kuwekwa ngozi nyembamba sana ya mgonjwa.

Mwaka 1981 walitangaza matokeo ya wagonjwa 10 walioungua kati ya asilimia 50 na 95 ya mwili. Mamlaka za Marekani ziliidhinisha bidhaa hiyo, Integra, mwaka 1996. Si ngozi kamili: haioti vinyweleo wala tezi za jasho, na mgonjwa hulihisi hilo kila siku ya joto.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa majeraha ya kuungua huua watu 180,000 kwa mwaka, wengi mno wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako watoto hucheza kando ya majiko na sufuria za maji ya moto. Kwa bei yake, sponji hii haiwafikii wengi wao. Tanzania na Kenya zina ng'ombe kwa mamilioni, na kano hutoka machinjioni kila asubuhi. Kinachogharimu ni maabara ya kuisafisha kolajeni, kuondoa kila chembe ya mnyama inayoweza kuukera mwili na kila kirusi, na wataalamu wa kuipima kundi kwa kundi. Hapo ndipo fedha za utafiti zielekezwe.