Kikombe cha shilingi 115 kwenye safari ya laki moja

Mgeni anayekwenda kutembelea shamba la kahawa Materuni, kwenye miteremko ya Uru juu ya mji wa Moshi, hunywa vikombe viwili hivi. Kabla ya hapo ameonyeshwa mibuni chini ya migomba, ametwanga kahawa kwenye kinu, ameipepeta na kuikaanga mwenyewe kwenye chungu. Baadaye huandaliwa chakula cha mchana, mtori au machalari, na mbege ya kuonja. Wahispania hufanya hivyohivyo kwenye mashamba yao ya mizabibu: mgeni huonja divai, hulishwa chakula kilichochaguliwa kiendane nayo, kisha huondoka na chupa. Huku kwetu kahawa na mbege ndizo zinazoshika nafasi ya divai. Swali langu ni la fedha: je, siku moja ya namna hii inamwachia nini mwenye kihamba, yaani shamba la familia la Wachaga?

Tuanze na kahawa yenyewe. Kilo 6 za buni mbivu, zikimenywa, zikavundikwa, zikaoshwa na kuanikwa, hutoa takriban kilo 1.2 za pachimenti, yaani kahawa kavu yenye ngozi yake nyembamba. Ikikobolewa inabaki kilo 1. Ikikaangwa hupoteza maji na kubaki gramu 840 hivi. Kwa gramu 10 kila kikombe, hivyo ni vikombe 84. Kwa hiyo vikombe viwili vya mgeni wetu vinatokana na gramu 143 za buni mbivu, au gramu 29 za pachimenti.

Sasa tuweke bei. Nitatumia bei za mfano, na dola moja nitaihesabu kuwa shilingi 2,500 ili mahesabu yasisumbue. Mkulima akilipwa shilingi 8,000 kwa kilo ya pachimenti, kahawa aliyokunywa mgeni ina thamani ya shilingi 229, yaani kama shilingi 115 kwa kikombe. Safari nzima tuseme imemgharimu dola 40, shilingi 100,000. Kahawa, ambayo ndiyo jina la safari yenyewe, haifiki hata robo ya asilimia moja ya alicholipa.

Fedha nyingine zinakwenda wapi? Tuchukue kundi la watu wanne, jumla shilingi 400,000. Gari, mafuta na dereva 130,000. Mwongozaji 60,000. Ada ya kijiji na maporomoko ya maji, 10,000 kwa kila mmoja, 40,000. Chakula na mbege, 15,000 kwa kila mmoja, 60,000. Familia yenye shamba, 10,000 kwa kila mmoja, 40,000. Zinabaki 70,000 za ofisi ya kampuni, kodi na faida. Mzigo mzito kuliko wote ni gari, na gari haligawanyiki: mgeni akienda peke yake, zile 130,000 ni zake zote.

Ukiutazama mgawanyo huo kwa macho ya mwenye kihamba, chakula ndicho kinachoamua. Kikipikwa nyumbani kwake, kaya inapokea 25,000 kwa kila mgeni, kabla ya kutoa gharama ya nyama na mafuta. Ndizi zinatoka hapohapo. Kikiletwa kimefungwa kwenye maboksi kutoka mjini, inabaki na 10,000. Mbege nayo ni vivyo hivyo. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi na kuachwa zichachuke kwa siku kadhaa, kisha huchujwa na kuchanganywa na mso, uji wa kimea cha ulezi, na ganda la mti wa msesewe huipa uchungu wake. Ni kazi ya karibu wiki nzima, inayofanywa mara nyingi na akina mama, na senti yake haipiti kwenye mnada wowote wala haisubiri malipo ya awamu ya pili.

Tulinganishe na mavuno. Watafiti wa kilimo mseto walioandika mwaka 1984 juu ya vihamba vya Wachaga walipata wastani wa hekta 0.68 kwa kaya, na kahawa kilo 280 kwa hekta. Hiyo ni kilo 190 hivi kwa kaya. Kwa shilingi 8,000 ni shilingi 1,523,200 kwa mwaka, kabla ya dawa za chulebuni na kutu ya majani, mbolea na vibarua. Vihamba vingi vimegawanywa kwa watoto na wajukuu tangu hapo, na kaya yenye nusu ya eneo hilo hupata 761,600 tu.

Kufikia shilingi 1,523,200 kwa wageni wanaokula nyumbani kunahitaji wageni 61. Kwa wanaokuja na maboksi kunahitaji 153. Wageni 61 ni makundi kumi na matano, hata kumi na sita. Msimu mmoja unatosha. Tena bei ya safari haiyumbi kama ya buni. Soko la New York lilikuwa chini ya senti 50 za dola kwa ratili mwishoni mwa 2001, likapita dola 4 Februari 2025. Wakati wa bei ile ya chini watu wengi mlimani waliikata mibuni na kupanda nyanya na mahindi.

Hapo ndipo wengi hukimbilia kusema utalii utaiokoa kahawa ya Kilimanjaro. Mimi sikubali, na sababu ni ukubwa. Tuseme wapanda mlima ni 50,000 kwa mwaka, na nusu yao wanakwenda shambani na kula huko. Hayo ni matumaini makubwa sana. Wageni 25,000 mara shilingi 25,000 ni milioni 625. Fedha hizo zinalingana na mavuno ya kaya 410. Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu 1,861,934 katika sensa ya 2022, na wenye kahawa wanahesabiwa kwa maelfu mengi. Kwa walio wengi, chama cha msingi cha ushirika na mnada wa kahawa wa Moshi bado ndiyo maisha.

Hata kaya hizo 410 ni kwenye karatasi tu. Wageni hufuata barabara nzuri, maporomoko na jina lililozoeleka. Kaya moja yenye kinu, choo safi na mwongozaji anayeijua ikipokea watu 12 kwa siku, siku 120 za mwaka, inapata wageni 1,440 na shilingi milioni 36. Ni mavuno ya kaya 23 na ushee yakiingia ua mmoja, huku jirani anayetunza mibuni ileile akipata kelele za magari. Ndiyo maana napenda mpango wa kupokea wageni kwa zamu chini ya chama, na KNCU, ushirika ulioanzishwa 1933, uliijaribu njia ya ushirika katika utalii kupitia mradi wa Kahawa Shamba. Mandhari anayolipia mgeni ni ya wote. FAO ilipoutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo mwaka 2011, ilitambua miti, migomba, mibuni na mifongo, yaani mifereji ya maji, kwa pamoja, wala si ua wa mtu mmoja.

Kuna jambo moja Wahispania wametuzidi: chupa ya kuondoka nayo. Pakiti ya nusu kilo ya kahawa iliyokaangwa inahitaji gramu 714 za pachimenti, zenye thamani ya shilingi 5,714. Ikiuzwa shambani kwa 20,000, tofauti ni 14,286 kabla ya mkaa, mfuko na lebo. Ni zaidi ya ile ada ya shamba. Wageni 61 wakinunua pakiti moja kila mmoja, kaya imeongeza takriban shilingi 871,000 kwa kutumia chini ya robo ya mavuno yake. Kinachokosekana mara nyingi ni kikaangio cha pamoja na mifuko inayohifadhi harufu, vitu ambavyo chama cha msingi kinaweza kuvimudu kwa wanachama wake.

Halafu kuna miezi ya Machi hadi Mei. Masika yanashuka, barabara za Uru zinateleza, wageni wa nje wanapungua, na kaya iliyotegemea watalii hubaki mikono mitupu. Miezi hiyo inaweza kujazwa na sisi wenyewe. Watu kumi wa ofisi moja ya Moshi au Arusha wakipanda daladala, nauli ikiwa pembeni, watalipa 6,000 kila mmoja kwa mwongozaji, 10,000 ada ya kijiji, 15,000 chakula na mbege, 10,000 shamba: jumla 41,000. Gari la kukodi na gharama za kampuni zimeondoka kwenye hesabu, na kaya bado inapokea shilingi zake 25,000 kwa kila aliyekaa mezani.