Digidigi si nyati, bwana! Risasi ipi kwa mnyama mdogo?

MSOMAJI wangu, tangu kanuni za mwaka 2020 ziruhusu mabucha ya nyamapori, vijana wa mjini tumekuwa mabingwa wa kubishana mezani: swala mtamu kuliko mbuzi, sijui nyati mgumu. Ila ukiuliza mnyama huyo alipigwa na risasi gani, kimya! Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo, mpaka mjomba wangu, mwindaji mwenye leseni huko kaskazini, aliponichukua msimu mmoja kwenda porini. Kazi yangu ilikuwa kubeba maji na kunyamaza. Ya pili ndiyo ilinishinda.

Usiku kwenye moto ukazuka ubishi. Jamaa mmoja ana raifoli ya .223, mpya, inang'aa. Mjomba ana .375 Holland & Holland, kaliba iliyotoka mwaka 1912, ambayo nchi nyingi za Afrika zimeiweka kuwa ya chini kabisa kwa nyati na tembo. Kibali kilikuwa na digidigi, na digidigi, kwa taarifa yako, ana kilo 3 hadi 6 tu. Nikacheka kimoyomoyo: .375 kwa kitu cha kilo 5? Si utaokota kwato tu!

Kesho yake kicheko kikaisha. Digidigi wa yule jamaa alikufa palepale, lakini mabega yote mawili yalikuwa uji mtupu. Wa mjomba alikuwa na tundu dogo la kuingilia, tundu dogo la kutokea, na nyama safi. Jamaa akabaki anajikuna kidevu.

"Mjomba," akaniambia (sisi kwetu mjomba na mpwa wote huitana hivyo), "usitazame unene, tazama ncha na mbio."

Iko hivi. Risasi ya .223 ni nyepesi, gramu 3.6 hivi, lakini inakwenda karibu mita 980 kwa sekunde. Ikiwa ya ncha laini, yaani pale mbele haikufunikwa shaba, ikigusa mwili inachanua kama uyoga au kupasuka vipande, na nguvu yote inamalizikia ndani ya kamnyama kadogo. Ile ya mjomba ni ngumu, imefunikwa shaba mpaka puani. Ina gramu 19.4 na mwendo wa mita 770 hivi. Haichanui. Kwenye mwili mwembamba inapita tu, inaacha njia, inaendelea na safari zake.

Sasa hapo kwenye "safari zake" ndipo penye kazi. Porini kuna wafugaji, kuna watoto na ng'ombe. Risasi ngumu iliyotoboa digidigi bado ina nguvu ya kumtoboa mtu. Mjomba hafyatui mpaka aone kilima au kichuguu kikubwa nyuma ya mnyama. Nilimwona akiacha digidigi wawili wazuri kabisa kwa sababu nyuma yao kulikuwa anga tupu. Jamaa wa .223 alinuna, mjomba wala!

Na ile .22 ndogo je? Wengi huiona kama toi. Ni nzuri kwa kanga na sungura, na hailipui nyama, lakini haina nguvu: gramu 2.6 tu, na ukilenga vibaya digidigi anakimbia na jeraha kwenda kufia kichakani. Uliza kwanza ofisi ya wanyamapori kama kibali chako kinaikubali. Tena si toi hata kidogo, risasi yake yaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja.

Wakipanda kilo, kama swala tomi wa kilo 20 hivi au nsya, mambo yanabadilika. Hapo mjomba huazima .243 Winchester, ya tangu 1955, yenye risasi ya gramu 6.5 ya ncha laini. Anapiga nyuma kidogo ya bega, kwenye mapafu, asiguse mfupa. Swala huyo anatosha kuifanya risasi ichanue bila kugeuka mchuzi. Na kila akibadili aina ya risasi anapiga kwanza kwenye karatasi, maana bunduki ileile ikibadilishiwa risasi hailengi palepale.

Halafu kuna hili la digidigi lililonikaa moyoni. Wanaishi wawili wawili, dume na jike wake, kuliko mabrazameni wengi ninaowajua hapa mjini. Dume ndiye mwenye vijipembe, jike hana. Mjomba alikaa na darubini karibu nusu saa akitafuta pembe zilizofichwa na kishungi cha nywele. Miguu ikanifa ganzi, nikatamani kupiga chafya.

Wewe wa bucha, ambaye hutashika bunduki maishani, chukua hili: risasi ya ncha laini huacha chembe za madini ya risasi ndani ya nyama, mbali na tundu lenyewe, nyingine hazionekani kwa macho. Ni sumu, hasa kwa watoto na mama wajawazito, na kuchemsha hakuiondoi. Ukiona kipande chenye damu iliyovilia au vipande vya mifupa iliyovunjika, usibebe. Mwambie muuzaji akukatie paja.