Maji ya Ngozi: Mifereji Isichanganywe

Modjo, kusini-mashariki ya Addis Ababa, ni mji wa viwanda vya ngozi nchini Ethiopia. Mto Modjo hupita hapo kwenda kuingia mto Awash, na huko chini wako wakulima na mifugo yao.

Tani moja ya ngozi mbichi hutumia maji kiasi cha mita za ujazo 30 hadi 40. Yakitoka, yana chumvi, chokaa, salfaidi na kromu.

Ndugu wafanyakazi, kwanza tutazame mifereji. Maji ya chokaa na salfaidi, yaliyoondolea nywele, yasikutane na maji ya asidi. Yakikutana hutoa gesi inayonuka kama mayai viza. Ikizidi, pua haiisikii tena, na aliyeteremka shimoni kuzoa tope huenda asipande. Mara nyingi mwenzake anayeruka kumwokoa hufa naye. Mwajiri akisema mfereji wa pili ni gharama, ajibiwe hivyo.

Maji ya chokaa yakitengwa hupulizwa hewa pamoja na chumvi ya manganizi, salfaidi ikaisha. Ya kromu hutiwa magadi. Kromu hutuama, ikayeyushwa kwa asidi na kutumika tena. Kwa kawaida ngozi hushika kama theluthi mbili tu ya kromu. Inayobaki ni fedha inayotupwa mtoni!

Kisha kazi ni ya vijidudu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Addis Ababa walijaribu huko Modjo matangi ya vijidudu, na baada yake vitanda vya matete. Chumvi lakini haiondoki hivyo. Hukung'utwa ngozini kabla ya kuloweka, kwa mikono.